Njia ni ya Wote: Juu ya Gari na Taka za Mitaani Mwetu

(Maneno yaliyosomwa na mwenzetu mmoja mwenye duka mbele ya wanachama wa tawi la Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya isha. Twayachapa kama yalivyosomwa, kwa faida ya wale wasiojaaliwa kuhudhuria.)





Katibu wa tawi alipotutaka tuzungumze usiku huu, wapo waliodhani tutasema juu ya uchaguzi, na wapo waliodhani tutasema juu ya bei ya mchele, maana sisi ni watu wa duka na mchele ndiyo riziki yetu. Hatutasema juu ya hayo. Tutasema juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelikanyaga au amelizunguka alipokuwa akija hapa: gari iliyosimamishwa penye njia ya watu, na taka zilizotupwa penye njia ya maji.

Twajua kuwa wapo watakaoguna. Watasema: chama chapigania haki kubwa, vipi tena tukae kuzungumza maganda ya muhogo na matairi ya vespa? Twaomba mtuvumilie. Mwenye kudai haki kubwa naye ana nyumba, na nyumba yake i ndani ya mtaa. Njia ya mtaa ikizibwa, hawezi kumtoa mgonjwa wake usiku. Mtaro wa mtaa ukizibwa, maradhi humwingilia mlangoni bila ya kubisha hodi. Basi hili nalo ni jambo la haki, tena ni haki ambayo sehemu yake kubwa imo mikononi mwetu wenyewe.

Wala hatutaanza kwa kuwalaumu wengine. Tutaanza kwa kujitia hatiani sisi wenyewe, ili asije mtu akasema kuwa mwenye duka amekuja kutufundisha usafi hali mlangoni pake pachafu.

Usiku mmoja wa mwezi wa masika, miaka michache iliyopita, tulileta shehena ya mchele na sukari kwa gari ndogo ya mizigo, hii iitwayo kirikuu. Mwajua kuwa gari haiingii kichochoroni kwetu. Huishia pale mdomoni mwa njia, na magunia huingia kwa mabega ya mahamali. Mvua ikatukatiza kazi. Dereva akasema, na tuiache hapa hapa, alfajiri tutamaliza. Tukasema, haidhuru. Akaenda zake Ng'ambo na ufunguo mfukoni, nasi tukalala.

Saa nane za usiku jirani yetu, mke wa kijana mmoja fundi, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Teksi ikaitwa. Ikafika, lakini mdomoni mwa njia ilikuwapo kirikuu yetu, imeegemea ukuta upande huu na baraza upande wa pili, hata mtu mnene angelazimika kupita kwa ubavu. Vijana wanne wakamweka mama yule juu ya kiti, wakakiinua, na kwa kuwa kiti hakikuweza kupenya, ikawabidi warudi nyuma na kuzunguka kwa vichochoro vitatu, gizani, mvua ikinyesha, mpaka watokee barabarani upande wa pili. Mwenyezi Mungu alistiri. Mama alifika hospitali akajifungua salama. Lakini mkwewe, bibi mtu mzima ambaye hununua kwetu unga na mafuta ya taa tangu enzi za marehemu baba yetu, alikuja dukani asubuhi yake. Hakututukana. Alisema tu: "Mwanangu, kila siku waniuzia unga. Jana ulitaka kuniuzia msiba." Akaondoka. Ndugu zangu, hapana mdai aliyepata kutudai deni zito kama lile.

Hilo ni la gari. La taka ni hili. Kwa miaka mingi kila jioni tulipofunga duka tulikuwa tukifagia maboksi, nyuzi za magunia, vifuko na maganda, na yote tukiyasukumia katika mtaro ulio mbele yetu. Hoja yetu ilikuwa moja: mvua itakuja, itachukua, itapeleka baharini. Mvua ikaja kweli. Lakini haikuchukua, ilirudisha. Maji yalikuta mtaro umeshiba, yakapanda barazani, yakaingia dukani, yakalowesha magunia ya unga ya safu ya chini yote. Khasara ile ilikuwa yetu, nayo twaistahili. Lakini maji yale hayakuishia kwetu. Yaliingia katika nyumba ya mjane mmoja ambaye hakutupa kitu mtaroni maisha yake yote, yakachanganyika na maji ya karo, na wajukuu zake wakaharisha. Yeye alilipa kwa kosa letu. Na hapo ndipo tulipofahamu kuwa taka haikai na mwenyewe. Huhamia kwa asiyekuwa na hatia.

Sasa tuulize: njia ni ya nani? Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa kuondoa kitu chenye kuudhi katika njia ya watu kumehesabiwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuwa ni sadaka na ni katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuondoa ni sadaka, kuweka ni nini?

Tena wanavyuoni hawakuliacha jambo hili juu juu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihyaa, palipo na mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, ametenga fasili maalumu juu ya maovu ya njiani. Ukiisoma utadhani alipita Mkunazini au Sokomuhogo jana. Anahesabu katika maovu kumfunga mnyama njiani hata njia ikawa nyembamba kwa wapitao, isipokuwa kwa kadiri ya haja ya kupanda na kushuka. Anahesabu kutupa taka njiani, na kutapanya maganda ya tikiti, na kumwaga maji pahali ambapo watu huteleza. Wenye nyumba nao hawakusalimika, maana amehesabu pia vibaraza vilivyosukumwa mbele mpaka vikawabana wapitao. Lakini wazee wa barazani wasishtuke, kwani makosa ni katika kubana njia, si katika kukaa. Na sababu aliyoitaja ni moja kwa yote: njia ni manufaa ya watu wote, wala haimpasi mtu mmoja kujitengea peke yake ila kwa kadiri ya haja.

Tazameni basi. Sheria ya kusimamisha gari, ambayo watu wanadhani ililetwa na gari zenyewe, ilikwisha kuandikwa miaka mia tisa nyuma kwa ajili ya punda na ngamia. Kupakia na kupakua, ruhusa. Kushusha mgonjwa au mzee, ruhusa. Kuacha mnyama wako pale mpaka asubuhi kwa kuwa ni karibu na mlango wako, hapana ruhusa. Geuzeni punda awe vespa, na ngamia awe kirikuu, na hukumu itakuwa ile ile.

Na mji wetu kuliko miji mingine wauhitaji hukumu hii. Mji Mkongwe ulijengwa kwa miguu ya watu na kwato za punda. Hapana aliyeupima kwa gari. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini dari zake ni boriti za mikoko, na milango, ngazi na roshani zake ni mbao. Mawe hayaungui, ila vilivyomo ndani yake vyaungua. Moto ukishika katika nyumba moja iliyobanana na jirani zake, kila dakika ina thamani yake, na gari ya zimamoto haiwezi kuruka juu ya gari iliyolala mdomoni mwa njia. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu, nasi tukafurahi na wageni wakazidi. Lakini ulimwengu hautakuja kutusogezea vespa zetu usiku.

Tuingie sasa katika taka kwa undani, maana huko ndiko kwenye maradhi.

Mji wetu si mara ya kwanza kusutwa kwa uchafu wake. Mwaka 1866 msafiri David Livingstone alipokuwa hapa aliudhika kwa harufu ya taka zilizotupwa pwani, hata akalichezea jina la Zanzibar akalifanya neno la kunuka. Tulipolisoma hilo tulichukia, kama atakavyochukia kila mwana wa mji. Lakini katika mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu ya watu, mjini na mashamba. Daktari James Christie, aliyekuwapo hapa akitibu, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi yale, kikachapwa mwaka 1876. Baada ya msiba ule Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, aliuletea mji maji ya mabomba kutoka katika chemchem za nje ya mji, na watu wakapata kunywa maji yasiyotoka katika visima vya jirani na vyoo.

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya wazee waliopita. Mwezi wa Septemba 2015 kipindupindu kilirudi Unguja, kikaendelea mpaka mwaka 2016, na wapo humu waliozika. Maradhi yale hayaletwi na upepo wala na hasadi ya mtu. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, hupita katika maji, hufika kinywani. Kila mtaro uliozibwa ni daraja tuliyowajengea vijidudu hivyo kutoka chooni mpaka kisimani, na kutoka kisimani mpaka mtungini.

Na kwa mahali petu khatari ni zaidi. Darajani huitwa Darajani kwa kuwa palikuwa na daraja, na daraja ilikuwapo kwa kuwa Pwani Ndogo ilipita pale ikautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Pwani ile ilijazwa katika zama za utawala wa Waingereza. Leo ni barabara na soko. Bahari haiingii tena, lakini maji ya mvua hayakusahau njia yao ya zamani. Yakija masika huteremka kutoka kila upande kwenda kutafuta pwani ambayo haipo, na kimbilio lake pekee ni mitaro. Mwenye kutia taka mtaroni mwa mji huu hafanani na mtu aliyetia taka katika mtaro wa mji ulio mlimani. Sisi tuko chini, na yote humiminikia kwetu.

Tena tutazame taka zenyewe ni kitu gani. Katika nyumba zetu sehemu kubwa ni ya jikoni: maganda ya ndizi na muhogo, matumbo ya samaki, machicha ya nazi, mabaki ya wali. Vitu hivi kwa joto letu havingoji. Leo vimetupwa, kesho vinanuka. Nzi hutaga mayai yake humo, na katika hali ya joto, tangu yai mpaka nzi mzima arukaye, hupita kiasi cha siku saba mpaka kumi tu. Hapa ndipo ilipo siri ya kanuni ya kuchukua taka kwa siku maalumu, angalau mara mbili kwa wiki. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya uzuri wa mji peke yake. Imewekwa ili taka ziondoke kabla ya nzi hajaota mbawa. Ukikosa zamu moja, umempa nzi muda anaoutaka. Na kifuu cha nazi kilichotupwa chali, au kopo lililokusanya maji ya mvua, ni chuo cha mbu. Hao nao hawataki zaidi ya siku nane au kumi kutoka katika yai mpaka kuuma.

Kazi ya kuondoa taka katika Mji Mkongwe ina mafundo matatu, na fundo moja likikatika yote hukatika. La kwanza ni nyumba: kuzikusanya, kuzifunga, na kuzitoa kwa saa yake. La pili ni mkokoteni: kwa kuwa lori haliingii vichochoroni, hapana budi mtu azikokote kwa mikono mpaka pahali pa kukusanyia penye njia pana. La tatu ni lori lenyewe, lizipakie na kuzipeleka mbali na watu, huko Kibele katika Wilaya ya Kati kulikojengwa jaa la kisasa. Sasa angalieni jinsi gari na taka zilivyo ndugu wa tumbo moja. Gari ikisimamishwa mdomoni mwa njia, mkokoteni haupiti. Mkokoteni usipopita, taka zalala. Zikilala, paka na kunguru huzichana. Zikichanwa, mvua huzitia mtaroni. Mtu aliyeacha gari yake pabaya usiku mmoja huenda asijue kabisa kuwa yeye ndiye aliyejaza maji nyumba ya mwenziwe wiki ya pili yake.

Ndugu wanachama, twajua kuwa mna majibu, maana yote tumeyasikia dukani, na duka ni baraza la pili.

La kwanza mwasema: sisi ni wapinzani, kwa nini tuwatii hawa waliomo madarakani hata katika mambo ya taka? Jawabu letu ni kuwa taka hazina chama. Mbu haombi kuona kadi kabla ya kuuma. Kipindupindu hakiwaulizi waliomo mahakamani mwake walipiga kura wapi. Mwenye kuacha taka mtaroni ili kumkomoa mkubwa aliyelala katika nyumba yenye hewa nzuri, hamkomoi mkubwa yule. Amkomoa mjane wa mtaa wake. Kupinga ni kusema neno la haki mbele ya mwenye nguvu. Kuchafua si kupinga.

La pili mwasema: twalipa ada ya taka na wenye kuchukua hawaji. Neno hili ni zito, na hatutaki kulipitia juu juu, maana pana ukweli ndani yake. Anayelipa ada amenunua kazi, na mwenye kuuza kazi asiyeileta yuko sawasawa na mwenye duka aliyepokea fedha na kupunja kilo. Lakini tutamsimamishaje mwenye kupunja? Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila khabari. Basi sisi tulifungua daftari. Kwa muda wa miezi mitatu tuliandika kila siku: leo mkokoteni umekuja, au haukuja, umekuja saa ngapi, lori limepakia, au limeacha. Tulidhani mwisho wa miezi mitatu tutakuwa na silaha ya kwenda nayo mbele ya wahusika.

Na kweli tulikuwa nayo. Siku za kutokuja zilikuwapo, tena si chache, nazo zimeandikwa kwa tarehe. Lakini daftari haina upendeleo. Ilituonyesha pia siku ambazo mkokoteni ulikuja kwa saa yake, ukakuta mitaa mitupu, kisha baada ya kupita ndipo milango ikafunguliwa na vifurushi vikatolewa vikaachwa pale mpaka zamu ya pili. Na kulikuwa na siku ambazo msukuma mkokoteni alifika mdomoni mwa njia, akakuta gari, akageuka. Tulipokwenda kwa sheha tulikwenda na daftari yote, ya kwao na ya kwetu. Hatukuficha ukurasa. Na kwa kuwa hatukuficha, tulisikilizwa. Mtu hawezi kumwita mwongo mshitaki aliyeanza kwa kujishitaki mwenyewe. Mambo hayakutengenea yote, wala hatudai hivyo. Lakini saa ya mkokoteni ikajulikana, na kwa mara ya kwanza mtaa wetu ukawa na neno la kudai badala ya neno la kunung'unika.

La tatu mwasema: kanuni hizi ni fimbo, hupigwa nazo wanyonge tu. Vespa ya kijana hukamatwa, na gari kubwa yenye vioo vyeusi huachwa imelala pale pale. Haya nayo twayajua. Na hapa ndipo penye kazi ya chama. Hatudai kanuni ziondoshwe. Twadai ziwe sawa. Twataka kanuni iandikwe kwa Kiswahili kinachofahamika, ibandikwe ukutani pahali watu wanapopita, iseme wapi gari itasimama na wapi haitasimama, na kwa muda gani. Faini isitozwe bila ya risiti yenye jina na tarehe. Na mwenye gari kubwa alipe kama alipavyo mwenye vespa. Kanuni ambayo haikuandikwa si kanuni. Ni hamaki ya mtu aliyevaa sare. Lakini ili tuweze kusema hayo kwa sauti, kwanza vespa zetu ziwe pahali pake. Nyani haoni kundule, na sisi hatutaki kuwa nyani.

Basi baada ya maneno mengi, haya ndiyo tuyaletayo mbele ya tawi, tukiomba yakubaliwe usiku huu, kila mtaa uyapeleke kwa majirani wote, wa chama chetu na wasiokuwa wa chama chetu.

Kwanza. Midomo ya vichochoro iwe wazi mchana na usiku. Gari isimame hapo kwa kadiri ya kupakia na kupakua tu, na dereva asiondoke na ufunguo. Sisi wenye maduka tuwe wa mwanzo kulishika hili, kwani mizigo ni yetu.

Pili. Vespa na baiskeli zisimamishwe upande mmoja tu wa njia, zimepangwa kwa urefu wa ukuta, ili jeneza, kiti cha mgonjwa na mkokoteni vipate kupita. Kipimo chetu kiwe hicho: pahali ambapo jeneza halipiti na wachukuzi wake, njia hiyo imezibwa.

Tatu. Taka zitolewe kwa saa iliyokubaliwa kabla ya kupita mkokoteni, si usiku wa jana wala baada ya kupita. Ziwe zimefungwa au zimo katika pipa lenye kifuniko. Anayekwenda safari amwachie jirani amana hiyo kama amwachiavyo ufunguo.

Nne. Za jikoni zitengwe mbali na kavu. Za jikoni ndizo zenye haraka. Makopo, chupa na maboksi vina watu wanaovihitaji na kuvinunua, na vifuu ni moto mzuri wa mkaa kwa mwenye kuutaka. Kila kitakachotengwa ni kilo moja iliyopungua katika mkokoteni.

Tano. Asiwepo wa kutia taka mtaroni, hata jani moja la mgomba. Na kabla ya masika, mnamo mwezi wa Februari, kila mtaa utoke siku moja uzibue mtaro wake, na matope yatakayotolewa yasiachwe kando yake yakarudi kwa mvua ya kwanza.

Sita. Sisi wauzaji tupunguze kufungia. Zanzibar iliitangulia Bara kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini vifuko vyembamba vya kutilia sukari ya robo na chumvi bado vyatoka katika maduka kama letu. Mama akija na chombo chake tumpimie ndani yake, tena kwa furaha, si kwa kununa.

Saba. Kila mtaa uchague watu wawili, mmoja katika wazee na mmoja katika vijana, washike daftari. Waandike zamu zilizokuja na zisizokuja, na makosa yetu pia. Kila mwisho wa mwezi daftari isomwe mbele ya jamii, kisha ipelekwe kwa sheha, na kutoka kwa sheha kwa diwani, na ikibidi mpaka barazani kwenyewe. Na kila mlipa ada aitunze risiti yake.

Ndugu zetu, wapo watakaosema kuwa haya ni kazi za serikali, nasi tumejitwika mzigo usiokuwa wetu. Twasema, sehemu ya serikali ni ya serikali, nasi tutaidai mpaka ilipwe. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mkokoteni hauwezi kuingia jikoni mwetu kukusanya maganda, na askari hawezi kulala katika kila mdomo wa njia. Pahali mkono wa serikali haufiki ndipo wetu unapoanza. Na chama kinachotaka kuaminiwa na nchi nzima, na kianze kwa kuaminiwa na kichochoro kimoja.

Bibi yule tuliyemtaja bado hununua unga kwetu. Mjukuu wake, yule aliyezaliwa usiku wa mvua, sasa hutumwa na yeye dukani, hukimbia katika kichochoro kile kile akiwa na chombo chake mkononi. Kila tunapomwona twatazama mdomoni mwa njia, kama pana kitu kimesimama. Ijumaa ijayo, inshallah, baada ya sala, watu wa mtaa wetu watakutana penye baraza yetu kuchagua washika daftari. Daftari tumekwisha kuinunua, na kalamu ipo. Atakayependa kuja kutazama jinsi tunavyofanya, kisha akafanye mtaani kwake, karibu, ila vespa yake aiache barabarani.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum.